Utumwa wa Marekani ulikoma mwaka gani? Jibu kwa mwalimu wa Historia

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Morogoro ameniandikia hivi: "Vitabu vyetu vinasema Abraham Lincoln aliwaacha huru watumwa wa Marekani mwaka 1863. Kwingine nimesoma kwamba Pennsylvania ilikomesha utumwa mwaka 1780 na New York mwaka 1827. Juzi mwanafunzi wangu amekuta kwamba sensa ya 1860 ilihesabu watumwa New Jersey, jimbo la kaskazini. Tushike lipi? Na je, mambo hayo yanafanana na yaliyotokea huku kwetu?"

Mwalimu, miaka yote hiyo ni ya kweli, na huyo mwanafunzi wako mpe hongera zake, maana amegusa mahali ambapo vitabu vingi hupita haraka. Kinachochanganya ni kwamba sheria nyingi za kaskazini hazikumwacha huru mtumwa hata mmoja siku zilipopitishwa. Ziliwapa uhuru watoto ambao walikuwa hawajazaliwa, na hao nao wakatakiwa kwanza kuutumikia uhuru wao kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo kila ukikutana na mwaka wa kukomeshwa kwa utumwa, uliza: siku ile ni nani hasa aliyetoka kwa bwana wake akaenda zake?

Tuanze na hali ilivyokuwa. Makoloni yote 13 yaliyotangaza uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1776 yalikuwa na watumwa, kaskazini na kusini. Katiba ya taifa iliyoandikwa mwaka 1787 haikugusa utumwa ndani ya majimbo. Badala yake iliukinga: watumwa walihesabiwa kwa sehemu tatu za tano katika kugawa viti vya bungeni, mtoro aliyekimbilia jimbo jingine alipaswa kurudishwa, na Congress, yaani bunge la taifa, ilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje kabla ya mwaka 1808. Suala zima likabaki mikononi mwa kila jimbo, na ndiyo maana huwezi kulitajia tarehe moja.

Wa kwanza walikuwa watu wa Vermont, ambao mwaka 1777 hawakuwa hata sehemu ya muungano. Katiba yao ilikataza kumshika mtu mzima kama mtumwa, yaani mwanamume aliyefikisha miaka 21 na mwanamke aliyefikisha 18. Watumwa wa huko walikuwa wachache sana, na watoto hawakulindwa na kifungu hicho.

Sheria iliyoigwa na wengine ni ya Pennsylvania. Huko Waquaker walikuwa na nguvu kubwa, dhehebu ambalo wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu kama Kanisa la Friends, na mkutano wao wa Philadelphia ulikuwa umewakataza waumini kumiliki watumwa tangu 1776. Tarehe 1 Machi 1780 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua. Aliyekuwa mtumwa siku ile alibaki mtumwa maisha yake yote, ila bwana wake alipaswa kumwandikisha serikalini kabla ya tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, na asipofanya hivyo anampoteza. Mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa baada ya siku ile hakuitwa mtumwa, lakini alitakiwa kumtumikia bwana wa mama yake mpaka atimize miaka 28.

Chukua watoto wawili wa mama mmoja. Aliyezaliwa Februari 1780 ni mtumwa wa maisha. Mdogo wake aliyezaliwa 1782 anakuwa huru mwaka 1810, akiwa ameshatoa utoto na ujana wake wote bila mshahara. Watunga sheria walitaka mabwana wasipate hasara, na serikali ya jimbo, ikiwa katikati ya vita na madeni, haikuwa na fedha za kuwalipa. Fidia ikalipwa hata hivyo, na aliyeilipa ni mtoto, kwa mikono yake. Naliona jambo hili kuwa kiini cha historia yote hii, na ningependa wanafunzi wako walielewe kabla ya kukariri tarehe yoyote. Sensa ya 1840 bado ilihesabu watumwa 64 Pennsylvania, na jimbo likaufuta utumwa kabisa mwaka 1847.

Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kingine ambacho kilimsumbua hata rais. Mgeni akija na mtumwa wake na kukaa naye jimboni zaidi ya miezi sita, mtumwa aliweza kudai uhuru. Wabunge wa Congress walisamehewa, ila rais hakutajwa. Makao ya serikali yalipohamia Philadelphia mwaka 1790, George Washington alikuja na watumwa kutoka shamba lake la Mount Vernon huko Virginia, akawa anawatoa nje ya jimbo kabla miezi sita haijatimia kisha anawarudisha ili hesabu ianze upya. Alifanya hivyo ingawa marekebisho ya mwaka 1788 yalikuwa yameshaikataza hila hiyo. Mei 1796 msichana mmoja wao, Ona Judge, mtumishi wa Martha Washington, alitoka nyumbani mabwana wakiwa mezani wanakula, akapanda jahazi hadi Portsmouth, New Hampshire. Washington alijaribu zaidi ya mara moja kumrudisha, akashindwa. Ona alifariki mwaka 1848, na kwa sheria za nchi yake alikuwa bado mtoro.

Massachusetts ilifuata njia tofauti. Bunge lake halikutunga sheria yoyote ya kukomesha utumwa. Uliangushwa mahakamani, na walioushitaki ni watumwa wenyewe. Tangu 1773 walikuwa wakipeleka maombi ya maandishi serikalini, wakiuliza inakuwaje watu wanaolilia uhuru wao kutoka kwa mfalme wa Uingereza wawashike wenzao. Kisha ikaja katiba ya jimbo ya mwaka 1780 iliyotamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Katika mji wa Sheffield kulikuwa na mwanamke aitwaye Bett, mtumwa wa Kanali John Ashley. Inasimuliwa kwamba mke wa Ashley alinyanyua koleo la moto kumpiga msichana mmoja wa nyumbani, Bett akakinga kwa mkono wake na kubaki na kovu. Alimwendea mwanasheria Theodore Sedgwick akamwambia anataka sheria hiyo ya uhuru imhusu na yeye. Agosti 1781, mahakamani Great Barrington, yeye na mwenzake Brom walishinda, na Ashley akaamriwa kuwalipa shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman. Ashley alimwomba arudi kwake, safari hii kwa mshahara, naye akakataa.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na kesi za Quock Walker, na mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing akaliambia baraza lililoamua kesi kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo. Baada ya hapo hakuna bwana aliyekuwa na hakika kwamba mahakama ingemlinda. Watumwa wakaanza kuondoka, wengine wakajadiliana mishahara, na sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Hapo mwanafunzi mwerevu atauliza: Virginia nayo mwaka 1776 si ilitamka kwamba watu kwa asili ni huru na sawa? Ndiyo, lakini waandishi wake waliongeza maneno kwamba haki hizo ni za watu walioingia katika jamii, wakikusudia kumweka mtumwa nje ya jamii hiyo. Na nyuma ya maneno kulikuwa na hesabu. Virginia ilikuwa na watumwa karibu 300,000 kufikia 1790 na uchumi wake ulisimama juu ya migongo yao, wakati Massachusetts walikuwa elfu chache. Usiwaache wanafunzi waamini kwamba kaskazini kulikaa watu wema na kusini watu wabaya. Connecticut na Rhode Island ziliiga Pennsylvania mwaka 1784, na bado wenye meli wa Rhode Island waliendelea kwenda Afrika Magharibi kuchukua watu kwa miaka mingi baadaye.

Penye watumwa wengi kaskazini ndipo ugomvi ulipokuwa mrefu. New York ilikuwa na zaidi ya watumwa 21,000 mwaka 1790, New Jersey zaidi ya 11,000. Wakulima wenye asili ya Kiholanzi katika bonde la mto Hudson waliwategemea kwa kila kazi. Muswada wa New York wa mwaka 1785 ulikwama kwa sababu wabunge wengi walitaka walioachwa huru wasipige kura. Ulipopita mwaka 1799, ulisema hivi: mtoto wa mama mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 4 Julai 1799 ni huru, ila atamtumikia bwana wa mama yake, wa kike mpaka miaka 25, wa kiume mpaka 28. Mwaka 1817 ikapitishwa sheria nyingine kwamba waliozaliwa kabla ya tarehe ile wataachwa huru tarehe 4 Julai 1827. Huo ndio mwaka 1827 uliousoma.

Kuelewa maana yake, mfuate mwanamke mmoja. Isabella alizaliwa yapata mwaka 1797 katika wilaya ya Ulster, akikua anazungumza Kiholanzi. Kwa kuwa alizaliwa kabla ya 1799, yeye alikuwa mtumwa hasa, ambaye angeachwa huru 1827. Watoto wake walizaliwa baada ya 1799, kwa hiyo kwa jina walikuwa huru, lakini walifungwa na utumishi wa miaka ishirini na zaidi. Binti yake Diana, aliyezaliwa yapata 1815, alipaswa kuendelea kutumikia miaka mingi baada ya mama yake kuwa huru. Sheria moja ilimfungulia mama mlango na kuwazuia wanawe ndani.

Bwana wake, John Dumont, alimwahidi kumwacha mwaka mmoja kabla ya siku ya sheria, kisha akageuka. Mwishoni mwa 1826 Isabella aliamka alfajiri, akambeba mtoto wake mchanga Sophia, akaondoka. Familia ya Van Wagenen ikamlipa Dumont dola 20 kwa muda uliobaki. Wakati huohuo mwanawe Peter, mtoto wa miaka mitano hivi, aliuzwa mkono hadi mkono mpaka akafikishwa Alabama, kinyume kabisa cha sheria ya New York iliyokataza kuwatoa watu kama yeye nje ya jimbo. Isabella, asiyejua kusoma wala kuandika, alikwenda mahakamani Kingston akaanzisha kesi, na mwaka 1828 akarudishiwa mwanawe, mwili umejaa makovu. Dunia inamjua mama huyu kwa jina alilojipa mwaka 1843, Sojourner Truth.

Kisa cha Peter hakikuwa cha pekee. Bwana aliyejua kwamba kijana wake atatoka mikononi mwake akifikisha miaka 28 alikuwa na sababu ya kumuuza kusini mapema, ambako pamba ilikuwa imepandisha bei ya watu. Majimbo yaliweka adhabu, wauzaji wakatafuta mianya. New Jersey mwaka 1818 jaji mmoja wa wilaya ya Middlesex, Jacob Van Wickle, alitumia cheo chake kuthibitisha kwamba watu kadhaa, wakiwemo watoto wadogo, wamekubali kwa hiari yao kupelekwa Louisiana. Kwa hiyo idadi ya watumwa ikipungua kwenye sensa za kaskazini, usidhani wote waliopungua walikuwa huru.

Na sasa New Jersey ya mwanafunzi wako. Ilikuwa ya mwisho kaskazini kutunga sheria, mwaka 1804: waliozaliwa baada ya tarehe 4 Julai mwaka huo watumikie mpaka miaka 21 kwa wanawake na 25 kwa wanaume. Bwana aliruhusiwa kumkabidhi mtoto kwa wasimamizi wa maskini akishatimiza mwaka mmoja, na serikali ingelipa mpaka dola tatu kwa mwezi za matunzo. Wengi waliwakabidhi watoto kwa karatasi, kisha wakawachukua tena kama walezi na kupokea fedha hizo, hivyo wakalipwa kwa kukaa na watoto ambao kazi yao ingewafaa wao wenyewe baadaye. Hazina ya jimbo ikalemewa, kifungu kikafutwa.

Waliozaliwa kabla ya 1804 hawakupewa tarehe yoyote. Mwaka 1846 bunge likatangaza kwamba utumwa umefutwa, ila waliokuwa watumwa watakuwa wanagenzi wa maisha. Hawakuweza kuondoka, wala hawakulipwa. Hao ndio 18 walioandikwa katika sensa ya 1860, wazee waliokuwa wamepita miaka 50. Uhuru wao ulitokana na marekebisho ya katiba ya taifa, na hata hayo bunge la New Jersey liliyakataa kwanza mwaka 1865, likayaridhia Januari 1866 yakiwa tayari ni sheria.

Magharibi nitapita haraka. Amri ya mwaka 1787 ilikataza utumwa katika eneo la kaskazini ya mto Ohio, na majimbo ya Ohio, Indiana na Illinois yakazaliwa humo. Lakini Illinois iliruhusu mikataba ya utumishi ya miongo mingi ambayo mtu mweusi alilazimishwa kuweka alama yake, na wapiga kura wake walipaswa mwaka 1824 kukataa jaribio la kufungua njia ya utumwa wa wazi. Waliukataa.

Kusini, kabla ya vita vya 1861, hapakupita sheria ya hatua kwa hatua hata mahali pamoja. Mjadala mkubwa ulikuwa Virginia, baada ya maasi ya watumwa yaliyoongozwa na Nat Turner Agosti 1831, bunge lilipojadili kwa wiki kadhaa mpango kama ule wa Pennsylvania na kuutupa. Kufikia 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4 katika majimbo 15.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861, majimbo mengi ya kusini yalipoasi na kujitenga, ndivyo vilivyovunja mzunguko huo, na hapa tena uhuru ulikuja vipande vipande. Tarehe 16 Aprili 1862 Congress iliwaacha huru watumwa wa Washington, mji mkuu, na kuwalipa mabwana mpaka dola 300 kwa kila mtu. Walioachwa huru hawakulipwa kitu kwa miaka waliyotumikia. Tangazo la Rais Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 liligusa majimbo yaliyoasi tu. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, yaliyobaki upande wa serikali, hayakuguswa, wala Tennessee na sehemu za Louisiana na Virginia zilizokuwa mikononi mwa jeshi lake. Lincoln alitumia mamlaka ya amiri jeshi mkuu dhidi ya adui. Juu ya majimbo matiifu hakuwa nayo. Tangazo lenyewe lilitegemea askari kufika, na watumwa hawakuwasubiri. Walikimbilia kambi za jeshi kwa maelfu, wanaume wakavaa sare na kupigana.

Majimbo ya mpakani yakaanza kuanguka moja moja. West Virginia iliingia muungano Juni 1863 ikiwa na sharti la kukomesha utumwa kidogo kidogo, ikachoka kungoja na kuufuta Februari 1865. Maryland ilipiga kura ya katiba mpya mwaka 1864, na utumwa ukafutwa tarehe 1 Novemba kwa tofauti ya kura 375, kura za askari waliokuwa vitani zikiamua matokeo. Missouri ilikuwa imepanga kuanza mwaka 1870, ikafuta mara moja Januari 1865. Texas, ambako jeshi lilikuwa halijafika, watu walitangaziwa uhuru mjini Galveston tarehe 19 Juni 1865, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Lincoln. Delaware na Kentucky zilishikilia mpaka mwisho. Huko sheria ya utumwa ilidumu hadi tarehe 6 Desemba 1865, Georgia ilipokuwa jimbo la 27 kuridhia Marekebisho ya 13 ya katiba na kutimiza idadi iliyohitajika. Ukihitaji tarehe moja ya kuandika ubaoni kwa nchi nzima, andika hiyo, na uongeze kwamba marekebisho hayo yaliacha nafasi: utumwa na kazi ya kulazimishwa vimekatazwa isipokuwa kama adhabu ya mtu aliyehukumiwa. Nafasi hiyo ilitumiwa sana kusini kuwakamata watu weusi kwa makosa madogo na kuwakodisha mashambani na migodini.

Sasa la kwetu. Wafanyabiashara wa kwanza wa Kimarekani kukita mizizi Unguja walitoka Salem, Massachusetts, jimbo la Elizabeth Freeman. Sayyid Said aliweka mkataba na Marekani mwaka 1833, na kilichowaletea faida huku ni kitambaa cha merikani, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Kitambaa hicho kilisafiri na misafara mpaka bara na kununua pembe za ndovu. Jimbo lililoacha utumwa kwake liliendelea kuuvaa na kuuza matunda yake mpaka kwetu.

Kuhusu sheria, kufanana ni kwa karibu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, lakini waliokuwa watumwa walibaki watumwa. Amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa utambuzi wa utumwa kisheria Unguja na Pemba, kwa sharti kwamba mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na bwana alipwe fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907. Katika koloni la Wajerumani, Morogoro yako ikiwemo, serikali haikuufuta utumwa. Ilitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Tofauti na Pennsylvania, watoto hao hawakudaiwa miaka 28 ya utumishi, lakini wazazi wao na kaka zao wakubwa hawakupewa tarehe. Wajerumani waliogopa, kama walivyoogopa wabunge wa 1780, kuwaudhi wenye mali waliowategemea kutawala. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, kwa hiyo wapo wanafunzi wako ambao mababu wa babu zao walizaliwa sheria ikiwa bado inauruhusu.